Anayepita Ndiye Anayeanza

Katika mikutano ya hadhara nchini Tanzania mzungumzaji hagusi hoja yake kabla hajazimaliza salamu. "Tumsifu Yesu Kristo!" kwa Wakatoliki, "Bwana Yesu asifiwe!" kwa Waprotestanti, "Asalaam aleikum!" kwa Waislamu, kisha ya chama au ya serikali kutegemea nani ameshika kipaza sauti. Ukiwa Maguu, juu milimani kwa Wamatengo, wilayani Mbinga, huhitaji sensa kujua walio wengi ni wa dini gani. Sikiliza tu itikio. "Milele na milele, amina" hutikisa mabati. Itikio la tatu hutoka vinywa vichache, na huenda baadhi ya vinywa hivyo ni vya Wakatoliki waliokwisha kuzoea.

Hapo ndipo salamu ya Kiislamu inapokuwa na utata kuliko inavyofundishwa madrasa. Vitabu vya adabu za salamu vilitungwa na kusomeshwa katika miji ya Waislamu, Damascus na Cairo, baadaye Lamu na Unguja, ambako unayekutana naye kichochoroni karibu kwa hakika ni Mwislamu mwenzio. Magharibi ya mkoa wa Ruvuma mambo ni mengine. Wabenediktini walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Kigonsera mwaka uliofuata. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa Waanglikana wa misheni ya UMCA, wakitokea kisiwa cha Likoma, walikuwa wamekwisha kutangulia. Mwaka 1986 Mbinga ikawa jimbo Katoliki linalojitegemea. Waislamu wa mkoa huu wengi wako mashariki, Tunduru na Namtumbo. Huku milimani na ziwani Mwislamu mara nyingi ni mwenye duka, mnunuzi wa dagaa au wa kahawa, au mtumishi wa serikali aliyepangiwa kituo. Salamu ambayo Mtume Muhammad aliitaja pamoja na kulisha watu chakula kuwa ndiyo mambo bora ya Uislamu, itolewe kwa unayemjua na kwa usiyemjua, inafanyaje kazi mahali ambapo usiyemjua pengine ametoka misani?

Tuanze na salamu yenyewe. Anayesema "Asalaam aleikum" anafanya mambo mawili kwa pamoja. Anamwombea mwenzake amani kwa Mungu, ambaye Salaam ni mojawapo ya majina yake (limo katika sura ya Al-Hashr), na anampa ahadi: kwangu mimi uko salama. Wanaoishia kwenye dua peke yake wanaifanya salamu kuwa jambo jema lisilomgharimu msemaji chochote. Ahadi inagharimu. Ukishamwambia mtu kuwa yuko salama nawe, huwezi tena kumpunja kwenye mizani dakika hiyo hiyo bila kujikana.

Mapokeo ya Abu Huraira yanaipeleka asili yake mbali: Adam alipoumbwa aliagizwa akawasalimie malaika na asikilize watakavyomjibu, kwa kuwa hayo ndiyo yatakuwa maamkio ya kizazi chake. Malaika walimjibu na kumwongezea rehema ya Mungu. Nyongeza hiyo ndiyo iliyokuja kuwa sheria katika sura ya An-Nisaa, aya ya 86: ukiamkiwa, jibu kwa kilicho bora zaidi, au angalau rudisha ulichopewa. Imran bin Husayn naye amesimulia juu ya watu watatu walioingia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akizidisha neno, na Mtume akawahesabia kumi, ishirini, thelathini. Watoto wa madrasa huijua hesabu hiyo mapema kuliko jedwali la kuzidisha.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni lile ambalo mafakihi hulitaja kwa sentensi moja wakapita: kuanza salamu ni sunna, kuitikia ni wajibu. Linganisha na desturi zetu. Mtoto asiyetoa shikamoo hukaripiwa mbele za watu, lakini mzee asiyesema marahaba hakuna wa kumuuliza. Kwetu mzigo umewekwa juu ya anayeanza, na anayeanza ni mdogo. Sharia imeugeuza. Aliyenyamaza akasalimiwa ndiye mwenye deni, awe sheikh, awe mkuu wa wilaya, na itikio lake lisiposikika kwa aliyemsalimia, asipokuwa na udhuru, deni halijalipwa. Kutikisa kichwa hakutoshi kwa mwenye ulimi na aliye karibu.

Na nani aanze? Hadithi zilizomo kwa Bukhari na Muslim zinasema aliyepanda amsalimie anayetembea, anayetembea amsalimie aliyeketi, na wachache wawasalimie wengi. Katika mapokeo mengine ya Bukhari imeongezwa kuwa mdogo amsalimie mkubwa. Mtu wa pwani au wa bara aliyelelewa kwa shikamoo huisikia hiyo ya mwisho tu, kwa sababu ndiyo inayofanana na alichokuta nyumbani. Lakini tazama hizo za mwanzo. Aliyepanda yuko juu na ana mbio. Anayetembea anaweza kusogea atakako, aliyeketi hawezi. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, amekusanya maelezo ya wanazuoni kuhusu mpangilio huu, na mawili yana uzito: mpandaji aanze ili kiburi kisimwingie, na mpita njia aanze kwa sababu aliyeketi huenda akawa na hofu juu ya anayekuja, hivyo salamu humwondolea hofu. Kwa maneno mengine, anayeweza kudhuru ndiye wa kwanza kutangaza kwamba hatadhuru.

Nawawi, imamu wa Kishafii ambaye vitabu vyake Riyadh as-Salihin na Al-Adhkar vinasomwa sana Afrika Mashariki, amezitatua pale hadithi hizi zinapoonekana kugongana. Umri na idadi vinatazamwa watu wanapokutana njiani. Lakini anayewajia watu walioketi ndiye wa kuanza kwa vyovyote vile, awe mkubwa au mdogo, wawe wengi au wachache. Ilete hukumu hiyo kwenye barabara za milima ya Umatengo. Dereva wa bodaboda anayepanda mlima na kumkuta mama aliyetua mzigo wa kuni pembeni ndiye wa kuanza. Mheshimiwa aliyemo ndani ya gari la serikali, akisimama mbele ya wanafunzi walioketi chini ya mti, aanze yeye, wala asikae kungojea shikamoo arobaini. Anas bin Malik aliwapita watoto akawasalimia, akasema ndivyo alivyokuwa akifanya Mtume. Ni sunna inayosahaulika kuliko zote, na sioni Waislamu tukiifanya, Maguu wala Magomeni.

Hofu ya aliyeketi juu ya anayepita haikuwa nadharia katika nchi hii. Katikati ya karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo kwenye milima ya Litembo na jirani zake, na msongamano wa watu kwenye miteremko mikali ndio unaotajwa kuwa chanzo cha kilimo chao cha ngolo, vishimo vinavyozuia udongo usiporomoke. Wakati huo huo misafara ya pembe na ya watumwa ilikuwa ikitoka ziwani kwenda Kilwa. Ng'ambo, huko Nkhotakota, alikuwapo Jumbe aliyetoka pwani. Kusini mashariki mwa ziwa alikuwapo Makanjila, mmoja wa wakuu wa Wayao walioingia Uislamu katika nusu ya pili ya karne hiyo. "Asalaam aleikum" ilisikika katika misafara hiyo kila siku.

Makala inayoisifu salamu ya amani huku ikiwa imesimama ufukweni mwa Nyasa haiwezi kuliruka hilo. Sharia imekataza kumfanya mtumwa Mwislamu aliye huru, kwa hiyo katika zama za misafara salamu hii ilikuwa pia mpaka kati ya anayeuzika na asiyeuzika. Mpaka wenyewe haukuheshimiwa siku zote. Na Qurani ilikwisha kulisema jambo hili karne nyingi kabla. Kwa mapokeo ya Ibn Abbas, aya ya 94 ya An-Nisaa iliteremka kwa sababu ya mchungaji aliyewatolea salamu Waislamu waliomkuta na kondoo wake. Walimuua, wakawachukua kondoo. Aya ikawakataza wasimwambie anayewatolea salamu kwamba si muumini ili tu wapate mali ya dunia. Sidhani kama kuna aya iliyowahusu wafanyabiashara wa njia ya Kilwa kuliko hiyo. UMCA ilianzishwa kwa wito wa Livingstone wa mwaka 1857, na vita dhidi ya biashara ya watumwa ilikuwa sehemu ya sababu ya kuwapo kwake. Vizazi kadhaa vya wanafunzi wa misheni vilifundishwa kumwona mtu wa kanzu kupitia historia hiyo. Salamu ikifika kwenye masikio ya watu wa hapa, haifiki mikono mitupu.

Sasa tuje kwenye suala lenyewe. Imo hadithi kwa Muslim inayokataza kuwaanza Mayahudi na Wakristo kwa salamu, na ipo nyingine inayoelekeza kwamba Watu wa Kitabu wakikusalimia ujibu "wa aleikum" tu. Ukizichukua peke yake, mwenye duka wa Mbinga mjini anamaliza siku bila kumwambia mteja neno la amani. Na wapo wanaozichukua hivyo.

Sababu ya ile ya pili inajulikana. Baadhi ya Mayahudi wa Madina walikuwa wakilipinda neno na kusema "as-saam aleikum", yaani kifo kiwe juu yenu. Aisha alipandwa na hasira akawarudishia pamoja na laana. Mtume akamtuliza kwamba Mungu anapenda upole, na kwamba yeye amekwisha kuwajibu kwa kuwarudishia kile kile. Jibu fupi lilikuwa dawa ya hila, na Ibn al-Qayyim akajenga juu ya hapo: asiye Mwislamu akikutamkia "salaam aleikum" safi bila shaka yoyote, uadilifu ni kumrudishia kamili. Ibn Abbas alikuwa tayari amesema salamu ijibiwe hata ikitoka kwa Myahudi, Mkristo au Mmajusi, akitegemea ile aya ya 86. Katika kuanza, wengi wa wanazuoni, Nawawi akiwamo, walikataza. Wachache waliruhusu: Abu Umama, sahaba, amesimuliwa kuwa hakupita mtu bila kumsalimia, na Sufyan bin Uyayna alitumia hoja ya Ibrahim aliyemwambia baba yake mshirikina "salamu juu yako" (sura ya Maryam). Usama bin Zayd naye anasimulia kwamba Mtume alipita kwenye kikao chenye Waislamu, washirikina na Mayahudi waliochanganyika, akawasalimia.

Nimesoma hoja za pande zote mbili na ninaona za Ibn Abbas na Ibn al-Qayyim zina nguvu zaidi kwa mazingira kama ya Maguu. Mwalimu Mkatoliki anayemwambia mwenzake Mwislamu "Asalaam aleikum" asubuhi ofisini amejikaza kutamka maneno ya mwenzake kwa heshima. Kumjibu nusu ni kumpa malipo ya mtu wa Madina aliyekuja na hila. Ama kuanza, Kiswahili kimetutoa kwenye mtego. Hujambo, habari za asubuhi, shikamoo, za tangu juzi: hizi si za msikiti wala za kanisa, na hadithi ile haikuzigusa. Asiyetaka kuanza kwa salaam anayo njia pana ya kuanza kwa jingine. Anayenyamaza kabisa mbele ya jirani yake, kisha akasema ni hadithi iliyomfunga mdomo, amejifunga mwenyewe.

Ipo na upande wa pili, ambao huongelewa kidogo. Mwislamu aliyeambiwa "Tumsifu Yesu Kristo" ajibu nini? Nabii Isa ni wake pia, lakini "milele na milele, amina" ni itikio la ibada anayoabudiwa Yesu, na hapo hawezi kuingia. Wala hana haja ya kukunja uso. Aya inataka maamkio yajibiwe kwa wema unaolingana au kuzidi; haikusema kwa maneno yale yale. "Salama kabisa, karibu" inatosha. Kwa Mkatoliki mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa ndani ya "Asalaam aleikum" hamna fundisho lolote analolikana. Naye hupeana amani na walio jirani yake kila misa kabla ya komunyo, na Injili ya Luka inawaagiza wanafunzi wakiingia nyumba yoyote waitakie amani kwanza, nayo amani hiyo itawarudia kama ndani hayumo wa kuipokea.

Kwenye mikutano kuna kipengele cha kifiqhi ambacho wachache hukifikiria. Kundi likisalimiwa, itikio ni faradhi ya kutoshelezana: akijibu mmoja, wengine wamesalimika na dhambi. Mjini hilo ni jambo jepesi. Lakini mahali ambapo Mwislamu kwenye hadhara ni mmoja, wajibu unamwangukia yeye peke yake, na inambidi aitikie kwa sauti ya kusikika huku uwanja mzima ukigeuka kumtazama. Ni mtihani mdogo, ila ni mtihani. Salamu aliyoingia nayo Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2021, ya kuwasalimu watu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na kujibiwa "Kazi iendelee", inawapunguzia watu adha hiyo. Kama maamkio ya dola haina ubaya. Inachokosa ni kitu kimoja: haimwombei aliyeketi chochote, inamkumbusha kazi.

Mlangoni tunaelewana bila taabu. An-Nur 27 inakataza kuingia nyumba za watu kabla ya kubisha na kuwasalimia wenyewe. Abu Musa al-Ash'ari alibisha mara tatu kwa Khalifa Umar, hakujibiwa, akaondoka. Umar alipomhoji alimletea shahidi kwamba ndivyo alivyofundisha Mtume. Hodi tatu halafu uondoke: Mmatengo, Mnyasa na Mngazija hawatabishana juu ya hilo. Adabu ya kusimama pembeni ya mlango badala ya kuuelekea, ili jicho lisitangulie mguu, nayo inaeleweka popote penye milango iliyo wazi mchana kutwa.

Kwa wanawake vitabu vya Kishafii vina uangalifu mwingi, hasa kwa wanaume wasio maharimu kuwaanza wasichana, na sababu wanayoitoa ni fitina. Asma bint Yazid lakini amesimulia kwamba Mtume alilipita kundi la wanawake akawasalimia. Aliye kwenye kituo cha mabasi Mbinga au gati la Mbamba Bay anajua kuwa kunyamaza huleta shuku kuliko salamu ya wazi.

Kupeana mkono ni nyongeza ya salamu, nayo imesifiwa kuwa huondoa madhambi ya wanaokutana kabla hawajaachana. Kunyima mkono ni lugha pia. Agosti 2016, kwenye mazishi ya Aboud Jumbe, rais mstaafu wa Zanzibar, kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad hakuupokea mkono wa Rais wa Zanzibar Ali Mohamed Shein mbele ya kamera, miezi michache baada ya uchaguzi wa marudio ambao chama chake kiliususia. Nchi nzima ilijadili. Kwa wanaotazama kwa jicho la fiqhi, swali halikuwa la mkono, kwa sababu mkono si wajibu. Swali ni la ulimi na la muda: hadithi inaweka kikomo cha siku tatu kwa Waislamu wawili kususiana, wakikutana huyu anageuka huku na yule kule, na inamhesabu anayeanza salamu kuwa ndiye mbora wao. Haisemi aliyekosewa aanze, wala aliyekosa. Inasema tu kwamba anayeanza ndiye mbora, na hapo kila mmoja anabaki na hesabu yake.

Mahali pasipotakiwa salamu ni pachache na akili hupakubali yenyewe: aliyeko msalani, anayesikiliza hotuba ya Ijumaa, anayesali, mwenye tonge mdomoni.

Siku hizi salamu nyingi hazipiti mdomoni. Mnunuzi wa Songea anamwandikia mvuvi wa Lituhi: salamu kwa kifupisho cha herufi mbili, kisha anauliza bei ya dagaa. Jibu linarudi na bei peke yake. Nawawi alizungumzia barua, si simu, lakini hukumu inaingia moja kwa moja: salamu iliyokuja kwa maandishi au kwa mjumbe inamwajibisha mpokeaji kuijibu pale pale. Kuhusu vifupisho, sioni sababu ya kumharakisha Mungu kwa kupunguza herufi, hasa kwa mtu ambaye ujumbe unaofuata anauandika kurasa mbili.

Mjumbe naye ana deni lake. Aisha aliletewa salamu za Jibril kupitia kwa Mtume akazirudisha, na kutokana na mapokeo kama hayo mafakihi wakasema salamu uliyokubali kuibeba ni amana, kuifikisha ni lazima. Abiria anayepanda meli Mbamba Bay kwenda Kyela huagizwa "nisalimie" na watu kumi kabla hajaondoka gatini, akajibu "zimefika" huku mawazo yake yako kwenye mzigo. Kwa mujibu wa vitabu, ameondoka na madeni kumi. Wenye tahadhari huitikia kwa masharti: inshallah, nikimwona na nikikumbuka.